Nimemrudisha Baba Mkwe Akaoshe Matairi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimeharibu na sijui nishike wapi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nasimamia geti kwenye ujenzi wa jengo la ofisi, haya majengo ya kutunza mazingira, na kila lori linalotoka na udongo lazima lioshwe matairi kwenye kidimbwi cha getini, kwa sababu tope likifika barabarani mvua inalisukuma mpaka mtaroni, na mkaguzi akilikuta huko jengo linanyimwa cheti. Sasa wiki mbili zilizopita lori moja likapita pembeni ya kidimbwi mbiombio, nikapiga filimbi, nikapanda ngazi ya mlango maneno yakiwa tayari mdomoni, kumbe dereva mpya ni baba wa mchumba wangu, tuliyewahi kuonana naye mara moja tu! Mdomo ukasema wenyewe, “Shikamoo baba, rudi nyuma ukaoshe,” madereva wakaangua kicheko, mzee akarudi nyuma akaosha, na tangu siku hiyo akifika najificha nyuma ya tangi la maji, namwachia mwenzangu. Mshauri, mzee ananisuta, kila siku anashuka na brashi aliyotoka nayo nyumbani, anasugua tairi moja moja, akimaliza anazunguka tena lori zima, anatazama huku na huku, ndipo anaondoka, na Jumamosi ndiyo naenda kutambulishwa kwao, na mchumba wangu anasema baba yake ana neno la kusema mbele ya wajomba na mashangazi. Nampenda sana kijana huyu. Niache kazi, au tuahirishe?

Wa Getini

Wa Getini, nimecheka mpaka chai imenimwagikia, sasa ngoja nikukaripie. Mtu aliyenuna habebi brashi kutoka kwake. Angepitisha lori kidimbwini mara moja, akaenda zake. Huyu anazunguka mara mbili anatafuta nini, kama si wewe?

Kumrudisha hukukosea hata kidogo. Tope la baba mkwe linaziba mtaro sawasawa na la mtu baki, na ungempitisha, angejua mwanawe anaoa mtu wa kupindisha mambo. Kosa lako ni salamu. Wiki mbili mzee wa watu anaosha matairi bila kusikia shikamoo, na wewe umejibanza nyuma ya tangi! Hapo umekosa adabu, mwanangu, tena sana.

Kesho asubuhi toka huko. Msalimie kwanza, kagua matairi yake kama ya wengine, kisha mwambie mbele ya madereva wenzake kwamba hakuna anayeosha kama yeye, maana ndiyo kweli. Kazi usiache. Siku usisogeze. Na Jumamosi mzee akisafisha koo, akaanza, “Huyu binti mnayemwona hapa, siku moja alinisimamisha,” wajomba wakavunjika mbavu, usije ukakimbilia jikoni. Kaa papo hapo, uinue uso. Mzee huyo anajivunia mkwe wake.