Geti Nililolisikia Vibaya

Mwanangu Sauda,

Simu zangu unazipokea, unaniamkia, kisha unampa shangazi yako. Hujanikosea adabu hata siku moja tangu uende Korogwe, na hilo ndilo linaloniumiza. Bora ungenifokea.

Unakumbuka ile kompyuta kuukuu niliyoinunua ya kuchorea mageti ya wateja? Sikuchora hata moja. Wewe ndiye uliyekaa nayo kwenye kona ya karakana, ukicheza lile gemu lako la kujenga dunia kwa matofali. Wenzako walijenga majumba; wewe ulitandaza nyaya, ukafunga swichi na taa. Siku moja uliniita nikiwa nimepandisha miwani ya kuchomelea kichwani. "Baba, njoo uone geti langu. Ukibonyeza swichi moja, taa haiwaki. Ukibonyeza zote mbili, inawaka." Nikakuuliza geti gani hilo lisilo na bawaba. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukaanza kunieleza, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku namwangalia mteja aliyekuwa anaegesha pikipiki.

Ningekaa dakika tano tu siku ile, leo ungekuwa nyumbani.

Jumamosi ile nilirudi mapema kutoka Sindeni nilikokwenda kufunga madirisha. Nikakusikia ukiongea kwa simu: "Hili geti, mmoja tu akija linafunguka. Si lazima waje wote wawili." Ukacheka. "Baba mwenyewe hajui." Mimi mageti ndiyo yamenilisha maisha yangu yote. Kwangu geti ni chuma, na binti anayelifungua baba asijue ana lake jambo. Sikuuliza unaongea na nani. Nilikutoa nje, nikasema mbele ya bibi yako na mafundi wangu wawili kwamba umeanza kuingiza wanaume nyumbani mwangu.

"Ni geti la kwenye gemu, baba," ulisema. Nikaona unanifanya mjinga. Nikaenda kwenye kompyuta, nikachagua kufuta, ikaniuliza kama kweli nataka kuifuta dunia hiyo. Ulisimama nyuma yangu, unaniomba kwa sauti ndogo. Nikabonyeza ndiyo. Jumatatu nikakupandisha basi la Korogwe.

Wiki iliyopita shangazi yako alinitumia picha ya daftari lako. "Kaka, huyu mtoto anachora nini?" Juu ya michoro ya nyaya, swichi na taa umeandika geti la NA, geti la AU, geti la SI. Chini ya AU: "Mmoja akija, linafunguka." Maneno yale yale; kumbe huyo mmoja ni swichi, na kufunguka ni taa kuwaka. Pembeni: "Mimi na Zuhura." Nilikaa chini pale pale kwenye vyuma. Kisha nikampigia Zuhura, binti wa mama yako mdogo wa Kabuku.

"Ni mimi niliyekuwa kwenye simu, baba mkubwa," akasema. "Tulikuwa tunajenga pamoja. Hakuna aliyeniuliza."

Nimekukosea, mwanangu. Nimeipeleka kompyuta kwa fundi hapa Handeni mjini, amesema kilichofutwa hakirudi. Mnaweza kujenga dunia nyingine, najua. Lakini kulikuwa na Sauda aliyeniita nije nione alichotengeneza, na huyo sijui kama nitampata tena. Nammisi kila nikizima mashine.

Barua hii nimeiandika wazi, yeyote aisome, kwa sababu nilikuaibisha mbele ya watu. Nikikuomba radhi kichinichini nitakuwa nimekwepa. Bibi yako nimeshamwambia kwamba mkosaji ni mimi, akasema alijua. Mafundi nao nimewaambia. Mmoja akaendelea kupiga msasa.

Shangazi yako anasema nikikuomba msamaha utanipa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mimi ni mzazi. Tafadhali usinipe hivyo. Ngoja, hata kama ni mwaka mzima. Nisamehe siku utakayoamini kwamba ukiniambia jambo, nitakuuliza kwanza una maana gani.

Ni mimi,
baba yako ambaye hakuuliza.