Majivu Niliyoyatunza

Jumapili, 3 Agosti
Amefaulu! Kitindamimba wangu ni daktari! Wa watu, siyo wa ng'ombe, jirani asije akaniuliza tena. Haya, daftari, hujambo.
Kapiga simu analia. Nikamwambia lia, mwanangu, umeyafanyia kazi hayo machozi. Kisha akasema anataka tusherehekee kwa nyama ya kuchoma, kwenye jiko la kaka yake. Mama, upo? Nipo.

Jumatatu, 4 Agosti
Sijaligusa tangu tumzike kaka yake. Miezi saba. Liko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Alilichomelea mwenyewe — pipa kalipasua katikati kama papai, miguu minne, halitikisiki hata ulikalie. Karakana nzima hakukuwa na mkono kama wake, na sisemi kwa kuwa nilimzaa. Basi, nasema kwa kuwa nilimzaa. Lakini ni kweli!
Kila akimaliza kuchoma, kabla hajala: brashi ya waya wavu ungali na moto, kitambaa cha mafuta, majivu nje. Sisi tumeshaketi, yeye anasugua. Njoo ule! Nalilaza kwanza, Mama.

Jumatano, 6 Agosti
Wavu nimeusugua. Brashi, msasa, mafuta. Vidole vimechubuka, lakini unang'aa, angeusifu.
Majivu sijayatoa. Siku ile ya mwisho kifua kilimbana. Akasema, nitalilaza kesho, Mama. Kesho yake hakuamka. Nikalifunika jiko hivyohivyo, na majivu yake. Moto wake wa mwisho — nani aumwage? Si mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimechomeka kijiko nipime kina cha majivu. Kijiko kimetokea upande wa pili!
Nikamwita Kipara, fundi mwenzake na mwanangu pale karakana. Akachungulia, akavua kofia. Majivu yananyonya unyevu, Mama. Yamekula chuma chote cha chini. Marehemu alikuwa akitupigia kelele hizo kila siku.
Nikasema, nilikuwa namtunzia.
Hakucheka. Kipara, anayecheka hata akijigonga nyundo!
Atakata chini, atie bati jipya. Viungo alivyochomelea mwanangu hatakigusa hata kimoja, kaapa. Ila majivu lazima yatoke kwanza. Na nitayatoa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti
Kipara yuko uani na mashine yake tangu asubuhi. Nimejaza ndoo moja. Yameganda kama udongo, nayamega kwa mkono. Nimekuta kipande cha mkaa, kizima, hakikuungua. Nimekitia mfukoni. Kipara kageuka akajifanya anatazama waya wa mashine.
Polepole, Mama, sina haraka. Muongo! Karakana wameshampigia mara tatu.
Nusu bado. Nimeketi kidogo niandike.
Daktari wangu naye kapiga. Jiko linaendeleaje? Nikasema, linalazwa. Kisha sauti ndogo, ile ya utotoni: Mama, nije leo nikusaidie? Nikamwambia hapana, njoo na wenzako. Shangazi zake, wajomba, madaktari wenzake wanane waliofaulu naye, wote.
Na sherehe unajua ni lini, Mama?
Najua. Kesho. Jumamosi, saa saba mchana.