Maneno ya Daktari Niliyoyameza

Nyumbani kwa kaka yako,
chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si hata rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Najua nikianza na salamu kama tulivyofundishwa, nitajaza ukurasa kwa salamu halafu nitafunga bahasha. Kwa hiyo nalitanguliza. Baba anateseka, na sehemu kubwa ya mateso hayo nimeyaleta mimi, kwa mdomo wangu huu ambao ninyi nyote mnasema haufunguki, mkaniita Kobe.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Zile ngazi za ghorofa nne unazipandaje siku hizi? Wajukuu zako mapacha wameshaota meno, au bado wanawakesheza? Sisi huku tupo. Nilitaka kuandika "wazima", kalamu ikakataa.

Ulipopiga simu mwezi uliopita, Baba alikwambia yuko kama chuma. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alisema hivyo huku ameshikilia taulo kiunoni kwa mkono wa pili, na uliposema "Alhamdulillahi, kaka yangu," alifumba macho. Hukudanganywa na simu. Ulidanganywa na sisi.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ulisikia tu kwamba ametolewa uvimbe na mambo yamekwisha.

Ilikuwa saratani ya tezi dume. Siku ya kumwona daktari bingwa tulikwenda watatu, lakini Mama alibaki kwenye foleni ya dirisha la dawa, nikaingia mimi na Baba. Daktari ni mgeni, anazungumza ile lugha yetu ya darasani tu. Akataka kumwita nesi atafsiri. Baba akakataa, tena kwa majivuno. "Nesi wa nini? Huyu mwanangu lugha zote mbili anazo mfukoni." Nikatafsiri hilo la kwanza. Daktari akacheka, akanivutia kiti.

Shangazi, mwanzoni niliweza. Alitoa sanamu ya plastiki ya viungo vya ndani, akaonyesha kwa kalamu. Kwamba zipo njia tatu: kusubiri na kupima mara kwa mara, kuchomwa mionzi, au kuitoa tezi yote. Kwamba wakiitoa hawapasui tumbo kama zamani. Wanatoboa matundu matano madogo, wanaingiza kamera na vyuma vyembamba, na siku ya tatu mtu anarudi kwake. Yote hayo nilimwambia Baba, neno kwa neno, na niliona anavyoniangalia kama mtu anayemwangalia dereva wa ndege.

Halafu akaingia kwenye madhara. Akasema wagonjwa wengi, tezi ikishatolewa, mkojo huwavuja, miezi kadhaa, wengine mwaka, wachache hauachi kabisa. Akasema na jambo la pili, la Baba na Mama, ambalo hata kwako sitaliandika, utajua mwenyewe. Alilisema kwa utulivu, akanigeukia, akangoja.

Mimi ni mtoto wake wa kike. Katika nyumba yetu hata neno "mkojo" nikilisema mbele ya Baba naangalia ukuta. Baba akauliza, "Anasemaje?" Nikamjibu, "Anasema utachoka kidogo, kwa muda."

"Kidogo tu? Mbona yeye kasema mengi hivyo, wewe umeniletea kijiko?"

"Lugha yao ndefu, Baba."

Akacheka. Daktari alipomwona anacheka akacheka naye, akaniuliza kama nimemwambia yote. Nikaitikia kwa kichwa. Baba akasema basi, kama ni kuchoka tu, watoboe. Akatia saini.

Yaani alichagua njia moja kati ya tatu bila kujua ile njia inapita wapi. Labda angeichagua hiyo hiyo. Labda angechagua mionzi. Hilo halitajulikana tena, na ndilo linalonila.

Daktari alinipa pia karatasi ya mazoezi, ya kukaza misuli ya chini ili mkojo ushikike, yaanze mpira wa mkojo ukishatolewa. Imeandikwa kwa lugha yake na ina michoro. Niliiona ile michoro nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya atlasi yangu ya jiografia. Nesi aliyemtoa mpira alikuwa na haraka. Alisema, "Fuateni karatasi, kila kitu kimo." Baba akaniangalia. Nikasema, "Ninayo, Baba." Kweli nilikuwa nayo. Ipo mpaka leo.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Makovu ni madogo mpaka watu wanamtania. Mama Mdogo alipokuja kumjulia hali alitazama tumbo akasema, "Shemeji, ndiyo haya? Mbona hata mimi nikijikuna napata kubwa kuliko haya! Inuka, usitutishe." Tukacheka wote. Baada ya hapo Baba hakuwa na nafasi tena ya kuugua, maana nani atalalamika na vitundu vitano vya kama kuumwa na mbu?

Lakini anavuja, Shangazi. Akikohoa, akiinuka, akicheka. Unaijua kazi ya kinyozi: siku nzima umesimama, na mteja amekaa, pua yake iko usawa wa kiuno chako. Mwezi wa saba nilimpelekea chakula dukani nikamkuta ananyoa yule mzee tunayemwita Redio, maana hazimi. Viti vyote viwili vilikuwa na watu, na kwenye benchi wanangoja wengine. Mzee Redio akageuza shingo, akatazama suruali ya Baba, akapaza sauti: "Fundi! Umejimwagia maji ya kunyunyizia nywele, au umri umekuja?"

Benchi zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, akasema, "Chupa imepasuka, mzee wangu, tulia nisikukate sikio." Akamaliza kichwa chote. Akamfuta shingo, akampaka poda, akampa kioo ajitazame nyuma. Halafu akamkabidhi mashine fundi wa kiti cha pili, akajifunga taulo, akatoka na mimi. Ni wiki ya nane sasa hajarudi dukani.

Analala sebuleni, kwenye kochi, ametandika mfuko wa plastiki chini ya shuka. Mama anadhani amemkasirikia. Juzi tulikuwa tunaanua nguo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako nimemkosea nini? Hata kunishika mkono hataki." Nilikuwa na jibu mdomoni, Shangazi. Nikakunja shuka.

Hapa nikwambie na la pili, maana kosa si la siku ile moja. Tulirudi kwa daktari wiki sita baada ya upasuaji. Habari ya damu ilikuwa njema, kipimo kimeshuka mpaka chini kabisa, saratani haionekani. Daktari akauliza waziwazi: mkojo unashikika? Anafanya mazoezi? Mimi nikamgeukia Baba nikasema, "Anauliza unaendeleaje." Baba akasema, "Vizuri, namshukuru." Nikapeleka "vizuri". Daktari akaandika. Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu nikaufunga mwenyewe, kwa sababu kuufungua kungeonyesha kwamba mara ya kwanza nilidanganya.

Sasa kipimo cha pili ni Alhamisi hii na Baba amegoma. Anaamini daktari aliteleza mkono, akakata pasipo pake, na kwamba katika dunia hii nzima hakuna mwanamume mwingine wa namna yake. Mama alipombembeleza alimjibu, "Niende wanikate nini tena? Yamebaki masikio, na hayo nayahitaji kazini." Ni mzaha wake, unamjua. Lakini alisema akiwa amegeukia ukuta. Na asipopima, hatutajua kama saratani imerudi. Daktari alisema ikirudi mapema inatibika, ikichelewa ni habari nyingine. Hilo nililitafsiri vizuri, lakini aliyeharibiwa, anavyojiona yeye, anarudije kwa aliyemharibu?

Daktari hakuharibu kitu. Alionya. Onyo lilifika kwangu likaishia kwangu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na ombi. Nilitaka nikuombe umpigie simu, wewe ni dada yake mkubwa, umwambie umesikia kwa watu kwamba kuvuja ni kawaida, kwamba kuna mazoezi, na mimi nibaki bila kutajwa. Nilishaandika mistari minne, ndiyo hiyo unayoona nimeikata kwa wino. Nimeikata kwa sababu ningekuwa nimekufanya wewe mkalimani, tena wa aina yangu, anayechagua cha kufikisha. Na Baba angebaki akidhani alichagua mwenyewe.

Badala yake nakuomba hili dogo. Mpigie Ijumaa. Usimuulize kama yuko kama chuma. Muulize kama alikwenda. Na akikwambia amenikasirikia usinitetee, muache aseme mpaka amalize.

Nimeitoa ile karatasi kwenye atlasi leo asubuhi, nimeitafsiri yote kwenye karatasi ya mistari, na yale maneno nimeyaandika kwa majina yake, sikuzunguka. Mkono ulitoka jasho mpaka herufi zikachafuka. Miezi minne ya mazoezi imepotea, Shangazi. Sijui kama misuli inamngoja mtu.

Nisalimie mapacha, uwabusu visogoni. Msalimie na binamu yangu fundi bomba, mwambie bado namdai kitabu changu, hata kama amekitia maji. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mungu akupe afya, akupunguzie ngazi, na akulindie yule kaka uliyemlea mgongoni.

Nasikia ndara za Baba ukumbini. Siku hizi anatembea kwa hatua fupi, kwa hiyo nina muda wa kukwambia hili pia: tangu nianze kuandika, kila mtu akipita nimekuwa nikiifunika barua hii kwa daftari la hesabu. Daftari sasa nimeliweka sakafuni. Karatasi zote ziko wazi juu ya meza, na kiti nimekisogeza pembeni, kiwe upande wake.

Lugha ya daktari Baba haisomi. Hii anaisoma.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata asipojua kusema,
Kobe