Kamba Yetu na Kesi ya Wifi

Jumamosi, Somanda. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo unavuma vumbi, malori ya pamba yanapita barabarani na kutuachia nyuzi nyeupe kwenye ua. Siku nzuri ya kufua. Nimefua kitu kimoja tu. Nina hasira, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nimevunja kikombe, na sikukivunja kwa bahati mbaya.

Nianze na mazuri, maana nisipoyaandika hasira itayameza. Nina mume. Jamani, nina mume! Nitamwita Maduhu humu ndani. Ana duka la dawa za mifugo, amekulia Lalago nyuma ya ng'ombe, na akicheka anafunika mdomo kama msichana. Kila asubuhi ananichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Bado naamka nikidhani ni ndoto, nageuka, namkuta yupo.

Sasa mabaya. Mabaya yana jina: Limi, wifi yangu, dada yake.

Limi alikuja juzi kwa ajili ya kliniki, akalala kwetu. Jana nikiwa sokoni aliingia chumbani kwetu. Anasema alikuwa anatafuta khanga. Khanga zangu zinakaa sebuleni kwenye sanduku, na anajua. Alichofungua ni begi lililo chini ya kitanda, na humo akakuta kamba.

Ndiyo. Kamba. Ni yetu.

Shajara, wewe nakueleza bila kuona haya. Mimi na Maduhu tulianza kuongea mambo haya tukiwa wachumba. Mimi ndiye niliyesoma kwanza kwenye simu, mimi ndiye niliyemtumia, halafu nikazima simu kwa woga. Yeye akajibu kwa maswali: unataka nini, hutaki nini, unaogopa nini. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza maswali matatu mazuri kama hayo. Hapo ndipo nilijua nitaolewa.

Tunachokipenda tumekipa jina letu, njia panda. Unafungwa kwa namna ambayo kila nafuu ina gharama yake. Mathalani nimesimama kwa vidole vya miguu, mikono imeinuliwa. Nikishusha visigino, mabega yanavutika. Nikivipandisha, misuli ya miguu inawaka. Hakuna mahali pa kupumzika, ila nachagua mwenyewe niumie wapi na kwa muda gani. Mwanzoni sikuelewa utamu wake uko wapi. Nikadhani uko kwenye maumivu. Hapana. Uko kwenye kuhangaika mbele ya mtu anayekutazama kwa upendo na hakuachi peke yako hata kufuata maji ya kunywa.

Shingoni hakugusi mtu. Mkasi uko karibu. Kamba ni ya pamba, laini, kwa sababu katani inawasha. Na tuna neno. Neno letu ni "michembe", maana Maduhu alikula viazi hivyo vya kukausha akiwa bwenini mpaka akavichukia, na hakuna anayeweza kulitamka kimahaba. Mmoja akilisema, kila kitu kinasimama. Hakuna kuuliza, hakuna kununa. Anafungua, ananikanda viganja, tunakunywa chai.

Neno ndilo linalofanya uwe mchezo. Bila neno ni ukatili. Nilikuwa naliamini hilo kichwani tu. Leo nimelijua.

Asubuhi hodi ikapigwa, nikafungua, mama mkwe huyo, amepanda gari la kwanza kutoka Lalago baada ya Limi kumpigia simu. Nikapiga magoti.

"Mwangaluka, mama."

Hakuitikia. Alinishika mikono, akapandisha mikono ya gauni langu. Kifundoni kulikuwa na alama nyekundu, nyembamba, ya kufutika kesho.

"Mayu wane, mama yangu wee," akasema. "Ni kweli."

Limi akatoka na begi letu, Maduhu akimfuata nyuma. Begi letu! Akamwaga kamba juu ya meza ambayo nimeitandika kitambaa nilichofuma mwenyewe kwa ajili ya harusi. Halafu akaketi, akakunja mikono kama mwendesha mashtaka.

"Kuna mawili hapa," akasema. "Ama kaka anamfunga huyu kama ndama na kumchapa, ama huyu amemfunga kaka kwa mganga. Tazama mafundo hayo. Mwanaume gani anamchemshia mke maji ya kuoga kila siku kwa akili zake?"

Nilitaka kumrukia. Naandika ukweli, nilitaka kumrukia.

Lakini angalia alivyotufunga. Nikisema kamba ni ya Maduhu, mume wangu ni mpiga wanawake, mama atawaita wajomba, kaka zangu watakuja kunichukua, na ndoa yetu itaisha kabla hata zawadi za harusi hazijaisha kufunguliwa. Nikisema ni yangu, mimi ni mchawi, na huku kwetu neno hilo halitupwi hewani likapotea. Nikinyamaza, yote mawili ni kweli. Na ukweli wenyewe nani auseme mbele ya mama mkwe?

Nilibaki magotini hapo nikihisi visigino vikining'inia. Ilikuwa njia panda kabisa, ila ya watu wasionipenda, isiyo na mkasi, na wala hakuna aliyeniuliza ninataka nini.

Mama akamgeukia mwanawe. "Sema wewe. Unampiga mtoto wa watu?"

Maduhu alinitazama, kisha akatazama kamba. Nikajua anachotaka kufanya. Alitaka kukubali. Alitaka kubeba jina la mpigaji ili nisibebe la mchawi.

Na nakiri, kwa sekunde moja nilitamani afanye hivyo. Mabega yangu yangepumzika. Yake yangevutika.

"Mama," akaanza, "ni mimi ndiye..."

"Michembe," nikasema.

Akanyamaza papo hapo. Sentensi ilikatika katikati kama uzi. Mbele ya mama yake, mbele ya dada yake, na kesi juu ya meza, mume wangu alisikia neno lile akasimama. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda wakati ule, na ninampenda sana.

"Michembe gani tena?" mama akauliza. "Tuko kwenye kesi, wewe unawaza chakula?"

Nikainuka kutoka magotini.

"Mama, hanipigi. Na sijamwendea mganga. Kamba ni yetu wote wawili. Ni mchezo wetu wa chumbani, tumekubaliana, na mimi ndiye niliyeutaka kwanza. Nikisema basi, anaacha. Umeona sasa hivi alivyoacha. Hapa ndani mtu ambaye hakuomba ruhusa ni mmoja tu, naye amekaa pale."

Limi akapiga kofi mezani. "Huyu hana haya!"

"Haya nilikuwa nayo chini ya kitanda," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeileta sebuleni."

Mama aliitazama kamba. Akaishika, akaipima kati ya vidole kama anayenunua kitambaa.

"Hii hata mbuzi haimshiki," akasema. Kisha, bila kutuangalia, "Na nani anamfunga nani?"

Maduhu akafunika mdomo. "Kwa zamu, mama."

Mama akavuta khanga usoni. Sijui kama alikuwa analia, anacheka au anatulaani. Hakusema amenielewa, na sidhani kama amenielewa. Chai yangu hakuigusa. Alisimama, akamwambia Limi afungashe vitu vyake wataondoka pamoja, na mlangoni akanishika tena kifundo, pale penye alama, akakiminya kidogo.

"Kikikuuma, unasema?"

"Nasema, mama."

"Haya."

Basi. Hakuaga.

Limi aliaga kwa niaba ya wote wawili. Alisema atarudi kwa kliniki yake nyingine, na kwamba hili litasemwa Lalago nzima. Lisemwe. Ndipo nilipovunja kikombe, alichonywea yeye.

Sijamsamehe. Watu wataniambia wifi ni wifi, vumilia, ndoa ni uvumilivu. Wanaosema hivyo wanapenda kufunga wenzao bila kuwapa neno. Nimeshapata uvumilivu wa kuchagua, ule ninaoupenda, na huu wa kulazimishwa siutaki hata kwa dawa.

Jua linashuka. Kamba imerudi kwenye begi, nimeifua kwanza, maana ilishikwa. Maduhu amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba chetu na bisibisi mdomoni, anafunga kitasa kipya, ananiimbia kwa sauti mbaya sana.

Limi akirudi nitamfungulia mlango wa sebuleni, nitampa chai. Kwenye huu mwingine, hata akipiga hodi, jibu analijua.