Usiniite Nikiwa Barabarani

S.L.P. 418,
Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 18 Januari.

Mpendwa dada,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Na shemeji, yale mafua yamemwachia au bado anajifunika shuka mchana huku akidai chai? Sisi miili ni mizima. Roho yangu ndiyo haijatulia, na ni wewe tu ninayeweza kukueleza bila kuambiwa naongeza chumvi.

Unajua tumehama, baada ya baba Sisimizi kuhamishiwa kituo kingine cha umeme. Ile shule ya zamani ilikuwa mlango kwa mlango na sisi, na mwalimu alijua kwamba sikio la kushoto la mtoto wetu Sisimizi halisikii tangu ile homa. Hii mpya iko ng'ambo ya barabara ya malori. Dada, siku niliyoiona barabara hiyo nilitaka tufungashe turudi tulikotoka.

Basi wiki mbili kabla ya kufungua tukaanza mazoezi. Kila asubuhi sare, begi mgongoni, mpaka getini na kurudi. Nilimfundisha asimame, ageuze kichwa chote, si macho tu. Alishika upesi mpaka akawa ananikosoa: "Mama, wewe hujageuza."

Siku ya sita nikajitia ushujaa. Nikamwachia mkono, nikabaki ukingoni. Akatazama huku na huku, akaanza kuvuka vizuri kabisa. Alipofika katikati, lori la kokoto likachomoza konani. Nikapiga ukelele, nikamwita.

Ningenyamaza angefika. Aliposikia sauti yangu alisimama palepale, akaanza kunitafuta kila upande isipokuwa nilipo. Breki zililia, moshi ukatoka matairini. Lori lilisimama hatua mbili tu kutoka alipo. Dereva, mzee mwenye mvi, alishuka, akakaa chini vumbini. "Mama, nina mjukuu kama huyu," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nyumbani nilikaa chini bila hata kuvua viatu. Sisimizi akaja akanipanda mapajani.

"Mama, usiniite nikiwa barabarani. Nikisikia sauti, sijui inatoka wapi."

"Tangu lini?"

"Siku zote. Darasani huwa natazama nani anachezesha mdomo."

Miaka mitatu tangu ile homa, dada! Mimi niliyemzaa sikujua. Nilidhani sikio lililobaki linatosha kazi ya mawili.

Kesho yake tukaenda kwa mwalimu mkuu. Nilipoanza kueleza, machozi yakanitangulia, ikabidi mtoto ajisemee. Alitaka kukaa mbele, karibu na ukuta wa kushoto, ili wenzake wote wawe upande wa sikio zima. Mwalimu yule aliandika kila neno. Kisha akamwita mlinzi wa geti, wakakubaliana kwamba asubuhi na jioni atasimama barabarani na kibendera chekundu.

Jumatatu ikafika. Uji ulibaki vikombeni, wangu na wake. Nikajifanya siogopi, nikamkazia kamba za viatu mara tatu bila sababu. Mlinzi alipoinua kibendera nilijiuma mdomo mpaka nikaonja damu. Akavuka. Akaingia getini bila kugeuka.

Ijumaa alirudi na mwenzake, binti mrefu mwenye pengo, wakibishana juu ya kifutio. Nikaona binti yule kila mara anazunguka ili awe upande wa kulia wa Sisimizi. Nikamuuliza mwalimu gani amemwagiza. Akanishangaa.

"Hajaniagiza mtu. Si ndiko anakosikia?"

Nikaingia jikoni nikalia kilio changu.

Usidhani hofu imeisha. Kila jioni sikai chini mpaka nione kichwa chake mlangoni. Ila sasa nikiogopa, nafunga mdomo.

Nisalimie shemeji, mapacha wako, na mama mdogo, mwambie kitambaa alichotuma kimetoa sketi mbili za shule. Baba Sisimizi anakuamkia. Mungu awafunike nyote kwa kivuli chake, na akulindie kila mguu unaotoka nyumbani kwako.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Mama Sisimizi