Kujibebea Benchi

Kodiak, Alaska
6 Januari 2019

Mpwa wangu Rhodalyn, mwalimu wa walimu,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako, Nanay Ising, na yule jogoo wenu mwenye jicho moja kama bado hajaingia chunguni. Mimi huku ni mzima kupita kiasi. Juzi daktari wa kiwanda alinisikiliza moyo, akaita wenzake wawili waje nao wasikilize. Wakasema moyo wa namna hii huwa wanaukuta kwa farasi tu.

Habari zako nimezipata kwa dada. Anasema hao wakala wanaowatafutia walimu kazi Marekani wamekufanyia usaili mara mbili, na mara zote mbili umerudi nyumbani macho mekundu. Nilikuwa nakunywa supu. Nikaweka kijiko chini. Rhoda? Rhoda huyu ninayemjua mimi? Watoto arobaini na mmoja darasa moja, miaka minane mfululizo, na kila mwaka wote wanasoma kabla ya Krismasi! Hao wakala wanatafuta walimu au wanatafuta malaika?

Sasa sikiliza, mambo ya kuajiriwa nayajua. Nilipofika hapa miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa watu mia tatu tunagombea nafasi ishirini kiwandani. Bosi akauliza, "Nani ameshawahi kupasua samoni?" Mimi hata picha ya samoni nilikuwa sijawahi kuiona. Nikapita mbele nikamwambia, "Nipe kisu, na huyo samaki mwambie aage ndugu zake." Niliajiriwa kabla sijafunga mdomo. Mpaka leo hapa wananiita Profesa, kwa sababu niliwaambia nilisoma chuo pale Iloilo miaka miwili, nikaacha kwa kuwa wahadhiri walikuwa wanaona haya kunifundisha. Wewe na mama yako mnajua ilivyokuwa. Yabaki hukohuko Guimbal.

Niandikie swali walilokuuliza na jibu ulilotoa, neno kwa neno. Mengine niachie mimi.

Na usiniambie nitumie simu kama watu wengine. Kazi hii ya nyumbani ulinipa wewe mwenyewe: barua moja kila mwezi, kwa mkono, na mistari isipande mlima. Sijakosa mwezi hata mmoja. Hesabu uone.

Anayekupenda kuliko samaki wote wa Alaska,
Mjomba Pilo


Guimbal, Iloilo, Ufilipino
29 Januari 2019

Mjomba mpendwa,

Kutoka huku mbali nauchukua mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake. Sisi hatujambo. Nanay amepona kikohozi. Jogoo yupo, na sasa anamfukuza hadi padri. Magoti yako je? Barua yako haikuyataja kabisa, ndiyo maana nauliza.

Swali lilikuwa fupi. Bi Tupas, yule mshauri wa wakala, alisema, "Tuambie jambo ulilofanya darasani ambalo unajivunia." Nikajibu, "Kwa rehema za Mungu watoto wetu wanasoma vizuri, na mwalimu mkuu wetu anatusaidia sana, mimi nafanya sehemu yangu tu."

Bi Tupas akaweka kalamu mezani. "Mwalimu Rhodalyn, huyo mwalimu mkuu wako nimempenda mno. Labda nimpeleke yeye."

Mara ya pili alinionya mapema niseme "mimi". Nikaanza vizuri, "Mimi," halafu mdomo ukaendelea wenyewe: "na wenzangu."

Si kwamba ni mtu mbaya. Baada ya usaili alininunulia bakuli la batchoy, supu ya tambi, tukakaa. Akaniambia, "Mwanangu, hapa kwetu ukinyamaza, jirani atakusemea. Kule hakuna jirani. Wakikuuliza umefanya nini, hawakutegi. Hawajui, ndiyo maana wanauliza." Namwelewa, Mjomba. Lakini tumelelewaje? Nanay kila siku anasema mtu anayejisifu anajibebea benchi, ananyanyua kiti chake mwenyewe ili watu wamtazame. Nikianza tu kusema nilichofanya, namwona Nanay amesimama mlangoni na ufagio.

Wakala wanatoa nafasi tatu. Ya tatu ni tarehe 27 Machi asubuhi, kwa kompyuta, na safari hii si Bi Tupas tena. Ni Bi Haugen, mkuu wa shule za wilaya huko huko kisiwani kwako. Nikishindwa, faili langu linafungwa.

Nataka kazi hii, Mjomba. Sijamwambia mtu mwingine kwa maneno haya. Nataka kujua kama ninachoweza kukifanya Guimbal naweza kukifanya popote.

Mpwa wako,
Rhoda


Kodiak
19 Februari 2019

Mpwa wangu, mwalimu wa wilaya yangu,

Salamu zikufikie kabla baridi hii haijazigandisha njiani. Mimi nina nguvu za kuuza. Jana lori la kiwanda lilikwama kwenye theluji, nikalisukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili nilikuwa nimeshika mkate.

Kujibebea benchi! Mimi benchi langu nimelibeba tangu mashamba ya miwa ya Negros hadi Alaska, na mgongo hauna hata alama. Mama yako mwambie hivyo, akiwa ameweka ufagio chini.

Kujisifu ni kazi kama kazi nyingine, ina mazoezi. Kila asubuhi simama mbele ya mtungi wa maji, tumbo ndani, kidevu juu, useme "Mimi" mara kumi. Usiseme "sisi" hata kama mko wawili. Ukishazoea mtungi, hamia kwa jogoo. Jogoo ni hadhira ngumu, yeye mwenyewe anajisifu tangu alfajiri.

Halafu jifunze kusimulia. Watu wanapenda kuona kitu. Mimi nikiwaambia hawa "kuna dubu wengi hapa", nani atanisikiliza? Nawaambia hivi: mwaka ule wa samaki wengi dubu aliingia kiwandani asubuhi, akapanga foleni na vibarua. Msimamizi hakuinua macho kwenye karatasi zake, akampa aproni na glavu. Dubu akafanya kazi mpaka saa nne, tena kwa bidii kuliko Manong Ambo, kaka mkubwa wa sisi Wafilipino hapa kiwandani, na angemaliza zamu kama asingekosa kitambulisho wakati wa chai. Manong Ambo kila nikiisimulia anasema, "Pilo, Mungu anakusikia." Namjibu, "Ndiyo, na anacheka."

Kwa hiyo jibu lako nimekuandalia: "Mimi, Rhodalyn Gallego, nimefundisha watoto mia tisa. Mmoja sasa ni rubani. Gavana alikuja kuliona darasa langu, akalia, ikabidi aazimwe leso." Ongeza chumvi unavyopenda, ila Gavana usimguse. Gavana anakaa vizuri pale.

Mwalimu wako wa majigambo,
Mjomba Pilo


Kodiak
12 Aprili 2019

Rhoda,

Hujambo? Mama hajambo? Tarehe 27 imepita, na sanduku la posta nalifungua kila siku mpaka karani ananiuliza kama nimeoa humo ndani.

Niseme tu. Hapa nimeshawaambia umepata. Manong Ambo ameshanunua tambi za pancit, za watu hamsini. Tafadhali niandikie mistari miwili tu. Hata ikipanda mlima.

Mjomba


Guimbal
16 Aprili 2019

Mjomba mpendwa,

Nauweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, na leo sitauachia haraka. Hatujambo sote. Nisamehe kwa ukimya. Jibu la Bi Haugen limefika jana, na sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Gavana sikumtumia. Bi Tupas alishatuonya kwamba kila neno linahakikiwa. Kuna mwenzetu aliongeza miaka miwili ya kazi, wakapiga simu moja tu, akafutwa. Lakini mtungini nilisimama, kila asubuhi. Nanay alinikuta siku ya tatu. Akaniuliza, "Unaongea na nani?" Nikasema na maji. Akanitazama, akaenda zake.

Siku yenyewe, Bi Haugen alitokea kwenye kompyuta, mwanamke mwenye nywele nyeupe na sweta kubwa. Akauliza, "Niambie juu ya mwanafunzi mmoja unayejivunia kuliko wote." Watoto wote mia tatu na kitu wakanitoka kichwani. Macho yakaangukia mezani, kwenye barua yako. Nikaiinua mbele ya kamera.

Nikasema, "Huyu. Aliyeandika hii."

Nikamwambia nilikuwa na miaka kumi na wewe thelathini na mitano. Kwamba ulirudi kutoka kwenye miwa ukitaka kwenda Alaska, na fomu ilikuwa imekushinda, ukaniomba jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia nilivyokufundisha kila nikitoka shule, nyuma ya karatasi za kalenda. Kwamba nilianza na majina ya majogoo wako, maana ndiyo maneno uliyoyapenda, na kwamba hukukaa mpaka usimame kwanza unisalimie, "Habari za mchana, mwalimu." Na siku uliyosoma ukurasa mzima nilikuchorea nyota ya kalamu nyekundu mgongoni mwa mkono, kama walimu wetu walivyotuchorea, ukaenda nayo sokoni kuwaonyesha wauza samaki.

Akaniomba nimsomee barua. Nikamsomea dubu, nikimtafsiria. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Ulijuaje kuanza na majina ya majogoo?" Nikazungumza dakika ishirini, Mjomba. Baadaye Nanay, ambaye alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia, akaniambia hakusikia "sisi" hata moja. Hakuwa na ufagio.

Sasa jibu. Bi Haugen anasema amebakiwa na mimi na mwalimu mwingine mmoja, na kabla ya kuamua anataka kumwona mwanafunzi wangu wa kwanza. Atakuja kiwandani kwako tarehe 20 Mei, saa ya chakula.

Mjomba, najua wanavyokuita hapo, na kwa nini. Sina haki ya kukuomba. Lakini ukimwambia ulisoma chuo, mimi nitakuwa nimedanganya, na faili langu litafungwa. Mwambie ukweli mtupu. Mara hii moja tu, bila chumvi.

Mpwa wako,
Rhoda


Kodiak
21 Mei 2019

Mwalimu wangu,

Natumaini hamjambo wote. Magoti yanauma. Uliuliza Januari, nami sikujibu. Yanauma hasa asubuhi, la kushoto zaidi.

Bi Haugen alikuja jana na mabuti ya mpira. Nilikuwa nimepanga kumpeleka pembeni, kule kwenye majokofu, nimwambie haraka tuachane. Lakini alifika na sahani yake akaketi mezani kwetu, katikati ya wanaume tisa wa Kifilipino, akaanza kula nyama ya adobo ya Manong Ambo kama mtu wa kwetu. Akasema anamtafuta Bwana Teofilo. Manong Ambo, mdomo umejaa, akadakia, "Profesa huyu hapa! Amesoma chuo, bibi, miaka miwili. Walimu walimwogopa!"

Bi Haugen akanigeukia. "Ni kweli?"

Rhoda, watu wananijua kwa maneno mengi. Miaka kumi na tisa hawa watu wananiletea barua zao za serikali niwasomee, wananiuliza watoto wao wasome chuo gani. Niliangalia mkono wangu juu ya meza, mgongo wake, pale ulipochora.

Nikasema, "Hapana. Niliishia darasa la pili. Nikiwa na miaka thelathini na mitano sikujua kuandika jina langu. Mpwa wangu mwenye miaka kumi ndiye aliyenifundisha kusoma, jikoni kwa dada yangu."

Bi Haugen akaniuliza swali moja tu: "Ulipokosea, alifanyaje?"

Nikamwambia hukunicheka. Mtu mzima, mikono yangu migumu ya miwa ilikuwa inavunja penseli, na hukunicheka hata siku moja. Ulikuwa unasema, "Rudia, Mjomba, karatasi bado zipo." Nikamwambia mpaka leo kisu kikiniteleza nasema hivyohivyo moyoni, karatasi bado zipo.

Aliweka uma chini. Kisha akasema jioni hiyohiyo atawaandikia wakala, na wewe ununue koti zito, maana shule inafunguliwa mwezi wa nane na hapa upepo hauna adabu. Ukiisoma hii nadhani Bi Tupas atakuwa ameshakupigia. Lakini nataka ujue kwamba mimi nilijua kabla yako, kwa saa kadhaa. Hilo nitajisifia mpaka nife.

Alipoondoka nikawageukia wenzangu, tayari kuchekwa. Wakacheka kweli, Rhoda, mpaka Manong Ambo akapaliwa. "Pilo! Dubu wa aproni tulimkubali. Lori la mkono mmoja tulilimeza. Lakini eti Profesa alifundishwa kusoma na mtoto wa miaka kumi? Leo umezidi! Umemdanganya yule mama wa watu kwa ajili ya mpwa wako!" Nikaapa kwa mama yangu. Wakazidi kucheka. Sijabadilisha hata nukta, na ndiyo hadithi yangu ya kwanza kukataliwa tangu nifike nchi hii.

Pancit wamepika hata hivyo. Manong Ambo anasema wote tisa watakuja uwanja wa ndege kumwona huyo mwalimu kwa macho yao, na kwamba hataamini mpaka aione nyota. Kwa hiyo njoo na kalamu nyekundu.

Na ukishuka kwenye ndege, mbele yao wote, usiushike mkono wangu. Nipe wako. Siku hiyo mimi ndiye nitakayeuweka kwenye paji la uso.

Mwanafunzi wako wa kwanza,
Mjomba Pilo