Nilisema Si Lake

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya huko haijakuonea kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamvimba jioni, lakini asubuhi anasimama mwenyewe, na anakula akikumbushwa. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma, nalo tumeshazoeana.

Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujafunga sanduku. Najua umeshakata tiketi ya treni ya Jumamosi, tarehe ishirini. Najua kwa sababu jibu lako lilisomwa mezani kwetu kabla mimi sijalishika, na aliyelisoma hakuwa Mama. Hii ya leo imekuja kwa mkono wa mkunga, yule aliyetupokea sote watatu duniani. Amepewa ruhusa ya kuvuka mpaka kwenda kutibiwa macho. Anasema kikongwe asiyeona vizuri hapekuliwi sana, na wakithubutu kumpekua atawauliza ni nani kati yao hakuzaliwa mikononi mwake. Kwa hiyo hapa naandika kama mimi. Ile ya mwezi uliopita mwandiko ulikuwa wangu, maneno hayakuwa yangu.

Mtaa wetu upo palepale. Duka la vitabu la pembeni siku hizi linauza ndoo. Picha ya Mlezi Mkuu imebadilishwa tena nyumba zote. Katika hii mpya anatabasamu, na tumeagizwa tuitundike kwenye ukuta unaotazama mlango. Kwetu ukuta huo ndio wenye unyevunyevu, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Mlezi anaota ukungu shavuni na mimi nampangusa kwa kitambaa kikavu. Mama hataki nitumie maji, anasema rangi ikitoka tutajieleza kwa nani.

Karakanani bado nipo. Nashona kola, kola tu, arobaini na tano kwa siku, za sare za askari magereza. Mwanzoni nilikuwa nikiwaza shingo zitakazoingia humo. Sasa siwazi. Mguu uko kwenye kanyagio, mkono unasukuma kitambaa, saa sita kengele inalia, tunakula, tunarudi. Msimamizi anawaambia wenzangu kwamba mimi ndiye fundi wake bora kwa kuwa sina maneno. Ukweli ni kwamba nimekufa ganzi, Dada. Nilidhani ganzi ni ya mguu uliokaliwa vibaya. Kumbe inaweza kumshika mtu mwili na roho, na bado akaamka, akanawa uso, akawahi kazini.

Siku hizi nazikumbuka sana siku zetu za kuvunja ungo. Mama alikuwa na utaratibu wake. Alimfungia binti chumbani, akampa vitambaa safi vilivyopigwa pasi, akamwonyesha namna ya kuvifua na mahali pa kuvianika visionekane. Kisha, kwa sauti ileile, akamfundisha yasiyosemwa. Kwenye foleni usimtaje Mlezi kwa jina. Ukiulizwa Baba yuko wapi, sema alikufa kwa ajali, usiseme ajali ya nini. Mwalimu akitaka kujua nyumbani mnasikiliza redio gani, redio imeharibika. Wewe ulitoka mle ndani umekunja uso, na sidhani kama umewahi kuukunjua tangu siku ile. Mimi nilitoka nikitembea polepole, nikiamini yote mawili ni ugonjwa mmoja. Chiriku, kitindamimba wetu, alitoka akicheka. Alitwambia kwamba Mama amemwamuru azibe juu na azibe chini, sasa yeye apumulie wapi. Mama alimfinya, halafu naye akajificha nyuma ya mlango akacheka mpaka akakaa chini.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Wa Chiriku haukutamka hata neno. Wewe ulikuwa umeshavuka mpaka, mwaka ulikuwa unakwisha, na hii habari nilikuandikia kwa ufupi tu, maana barua zetu zilikuwa na wasomaji wengi. Tuliletewa picha ya Mlezi karakanani, waliotumwa kuitundika wakaitundika juu chini, na msimamizi akaipa mgongo akatoa hotuba ya dakika kumi kuhusu utii. Sote sitini tuliinamia vyerehani vyetu. Chiriku akacheka. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walikuja kumchukua saa nne asubuhi, na cherehani chake kilibaki na sindano imezama katikati ya kola. Niliimalizia mimi ile kola, kwa sababu msimamizi alisema hesabu ya siku isipungue.

Sasa nikueleze habari za Bwana Faili. Ndiye aliyekaa nyuma ya barua yangu ya mwezi uliopita. Ni mwembamba, ana sauti ya chini, anavua viatu mlangoni, na kwapani ana faili la bluu ambalo halifungui mbele ya Mama. Alianza kuja miezi miwili iliyopita. Alimwambia Mama kwamba sauti yako katika redio ya huko inawaudhi wakubwa, lakini wakubwa nao ni wazazi. Ukirudi kwa hiari yako, ukaomba radhi katika redio ya hapa, Chiriku ataachiwa siku hiyohiyo. Akasema yupo, ni mzima, anashona huko aliko, na amenenepa. Mama alimshika mikono yote miwili akaibusu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nikaenda kuongeza maji ambayo hayakuhitaji kuongezwa.

Tangu hapo Mama amekuwa mtu mwingine. Amepaka chokaa chumba chetu cha zamani kwa mikono yake, licha ya ile miguu yake. Amegeuza godoro. Amefua mashuka mara mbili, akasema mara ya kwanza hayakutakata. Anapanga nani alale upande wa ukutani, nani katikati. Usiku nasikia anaimba kidogokidogo, wimbo hauna maneno. Bwana Faili akija siku hizi anawekewa mto kwenye kiti. Siku ya kuandika ile barua alikikalia kiti chako, akanitajia sentensi mojamoja, na nilipofika pale penye salamu za Chiriku alisifu mwandiko wangu.

Dada, Chiriku hayupo. Alishakufa. Mimi nimelijua hilo kwa miaka miwili na miezi minne, na sijamwambia mtu.

Miezi minane baada ya kuchukuliwa kwake tuliitwa kwenye jengo la zamani la posta, chumba namba tisa. Huko ndiko vinakoletwa vitu vya watu waliofungwa. Mama alikuja na mfuko wenye nguo za kubadilisha na sabuni, akifikiri tunaenda kumchukua mtoto. Walisema aingie mtu mmoja tu, nikaingia mimi, Mama akabaki kwenye benchi la korido amekumbatia mfuko. Ndani kulikuwa na karani wa kike mwenye mafua makali, kila mara anapenga kamasi. Alifungua karatasi ya kaki akatandaza gauni mezani. Lilikuwa lile gauni la kijani, lile alilokushonea Mama kwa kitambaa cha pazia ulipotimiza miaka kumi na sita, likashuka kwangu, kisha kwa Chiriku.

Alinieleza utaratibu kama mtu anayeeleza bei ya mkate. Kama ni lake, natia sahihi hapa na hapa, naondoka na gauni pamoja na cheti. Cheti kilikuwa tayari kimepigwa chapa, homa ya mapafu. Kama si lake, natia sahihi pale, nalo linarudi stoo. Nililigeuza nikaangalia pindo. Mstari wa juu ulikuwa wangu, nilipolipandisha kwa sababu ya ufupi wangu. Wa katikati ulikuwa wako. Wa chini kabisa ulikuwa wangu tena, nilioushona wiki moja kabla hajachukuliwa, maana mtoto alikuwa amerefuka kutuzidi sote na hapakuwa na kitambaa kilichobaki cha kukunjulia. Uzi wa kijani ulikuwa umeniishia nikamalizia kwa mweusi, urefu wa vidole vinne. Ulikuwepo. Nilipitisha kidole juu yake. Karani akapenga kamasi akaniuliza vipi.

Nikasema si lake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningependa kukwambia nilifanya kwa mapenzi, lakini sina hakika. Nadhani niliufikiria tu ule mlango, na benchi, na Mama na mfuko wake wa sabuni, nikaona sitaweza kutoka na gauni mkononi. Nilitaka tufike nyumbani. Nilidhani nitamwambia kesho yake. Nilipotoka nilimwambia wamekosea, nguo ni ya mtu mwingine, na Mama alimshukuru Mungu kwa sauti pale kwenye korido, mbele ya watu wengine waliokuwa wakisubiri zamu zao. Kesho yake sikuweza. Keshokutwa yake pia sikuweza. Sijui alizikwa wapi. Hatukumlilia. Mtoto yule, ambaye hata paka akifa alikuwa akimwekea matanga, hakupata hata siku moja ya kuliliwa.

Na uongo wangu ndio umetengeneza mtego huu. Siku Bwana Faili alipokuja mara ya kwanza nilimsindikiza hadi barabarani, nikajikaza nikamuuliza kama kweli Chiriku yupo hai. Hakukasirika. Alifungua faili akanionyesha sahihi yangu ya chumba namba tisa. Aliniambia kwamba serikali haiwezi kubishana na dada wa tumbo moja. Mimi niliandika si lake, basi yupo. Kisha akanitakia jioni njema. Kwa hiyo anajua, Dada, na anajua kwamba ninajua.

Usije. Mwalimu wa hesabu, yule jirani wa nyumba ya tatu, alirudi mwaka jana kwa ahadi kama hii. Mkewe alimwona kwa macho yake akishuka kwenye behewa, akampungia mkono, na hapo ndipo habari zake zilipoishia.

Lakini kutokuja tu hakutoshi. Ukikaa kimya, Mama atasema umechelewa treni, na kila Jumamosi ataniburuta stesheni. Inabidi uandike barua, kwa njia ya kawaida, ili Bwana Faili aisome kwanza. Andika kwamba hurudi. Usitoe sababu ya maana. Sema una kazi yako, una maisha yako, kila mtu abebe mzigo wake. Iandike kwa ukali, bila salamu kwa Mama, maana ukiweka huruma hata chembe ataishikilia. Usilitaje gauni wala usinitaje mimi. Wakijua nimekuonya, sahihi yangu itageuka kosa, na Mama atabaki peke yake na mashuka yake.

Nimefikiria pia kumwambia ukweli yeye. Siwezi, na si kwa woga peke yake. Akijua atalia, na kilio cha Mama unakifahamu, mtaa mzima utakisikia, na Bwana Faili anakuja kila Alhamisi.

Barua yako ikifika, mimi ndiye nitakayemsomea. Atakulaani, Dada. Atasema umemuua mdogo wako kwa uchoyo, ataapa hatakutaja tena kama mwanawe, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake, nitaitikia amina. Afadhali akuchukie ukiwa hai. Sina cha kukupa badala yake. Nakuomba tu ukubali.

Mpe mkunga wetu mahali pazuri pa kulala, na umsomee vibao vya hospitali, anaona aibu kuuliza. Mama hajui kwamba naandika, lakini kila siku maneno yake ni yaleyale, uvae vizuri na ule ushibe. Nakufikishia leo, kwa sababu baada ya hapa hataniagiza tena. Hii ichome ukimaliza, usinijibu. Jibu ile nyingine.

Ni mimi,
mdogo wako aliyebaki.